Jibu kwa aliyeuliza: Likizo ya uzazi inaisha, mtoto nimwache na nani hapa Mbeya?

Pole dada, siku 84 zinakata haraka na dada wa kazi akiondoka ghafla unachanganyikiwa kabisa. Mi nakushauri mlee kwa zamu na majirani. Huku kwetu Ilomba tuko familia saba, hatulipani hela, tunalipana masaa. Mama Fulani akinikalia na mtoto masaa matatu nadaiwa matatu, ila si lazima nimlipe yeye, naweza kumlea wa jirani mwingine, kila kitu kipo kwenye daftari. Mi ni wa ofisini nalipa Jumamosi, na Jumamosi ndo wenzangu wa Mwanjelwa wanauza sana kwahiyo tunakutana vizuri tu.

Watu wanadhani ugumu ni uaminifu, hapana, kilichotukwamisha mwanzoni ni akiba. Kila mtu anataka kulea ajaze masaa, kuyatumia hataki, ooh ngoja nikipata msiba Tukuyu, sasa kama hakuna anayetoka wa kulea atatoka wapi?? Kitu kikalala kabisa. Wamarekani yaliwapata hayohayo miaka ya 70 Capitol Hill pale Washington, wazazi wengi tu wakitumia kuponi za nusu saa, kila mtu akazikumbatia, mpaka zilipoongezwa ndo watu wakaanza tena kutoka, halafu baadaye zikazidi ikawa shida nyingine. Joan na Richard Sweeney waliandika habari hiyo 1977. Sisi tukaamua kila familia ianze na masaa kumi ya bure, na ukifikisha ishirini hupangiwi zamu mpaka uyatumie kwanza. Pakachangamka.

Kingine, na hapa nakuomba sana usilegeze: baridi ya Juni na Julai unaijua, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Ile hewa yake haina harufu na inaua, kichanga ndo kabisa. Kwetu nyumba inayofanya hivyo haipelekewi mtoto hata kama ni ya ndugu.

Na kama bado ananyonya tafuta mlezi wa karibu na kazini, sheria inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha muda wa kazi, mwambie bosi mapema kabla hujarudi. Kama uko Ilomba au Sae njoo inbox, tuna nafasi ya familia moja.