Nikifika Guangzhou, nitaongea vipi na nyumbani?

SWALI: Shikamoo kaka. Nauza viatu na mikoba Makoroboi, Mwanza. Miaka yote nachukua mzigo Kariakoo, ila mwezi wa kumi nimejipanga kwenda Guangzhou mwenyewe. Wenzangu wananitisha kwamba China hakuna WhatsApp. Mmoja anasema niweke VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, mwingine ninunue laini ya hukohuko, wa tatu nibaki na laini yangu. Nina mtoto wa miaka minne aliyezoea kuniona, na mume wangu ameshasema nikikaa kimya siku mbili atapiga simu ubalozini. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, Kichina ndiyo kabisa. Nishike lipi?
Msomaji wa Makoroboi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako hawakudanganyi. Facebook ilifungwa kule tangu 2009, Gmail ikafuata mwishoni mwa 2014, na WhatsApp tuliyokuwa tukiitumia raha mustarehe ikakatwa 2017. Mimi yalinikuta mwaka uliofuata. Nilishajiona mwenyeji wa Guangzhou, nikaweka VPN ya bure, nikapanda ndege. Siku mbili ikafanya kazi, ya tatu ikagoma, na pa kupakulia nyingine hapakuwepo, maana duka la Google lenyewe halifunguki kule. Mke wangu akampigia shemeji, shemeji akaenda Kariakoo kwa wakala wa mizigo kuuliza kama nimekamatwa. Nilipokuja kupiga kwa simu ya Mtanzania mmoja niliyemkuta mtaa wa Xiaobei hukohuko Guangzhou, nyumbani walikuwa wameshaanza kusoma dua.

Basi VPN usiitegemee. Isitoshe, isiyo na kibali hairuhusiwi na sheria zao, na wewe umefuata viatu.

Aliyekwambia ubaki na laini yako ndiye aliyesema kweli, ingawa hakukumalizia. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye rouming, yaani ikitumika ugenini kwa mtandao wa wenyeji, intaneti yake haitokei pale China. Mnara wa Kichina unaipokea tu, kisha inarudishwa kwenye mtandao wako wa nyumbani, ndipo inaingia duniani. Ndiyo maana WhatsApp inafunguka kama uko sebuleni. Ubaya wake ni bei. Nenda dukani kwa kampuni ya laini yako kabla hujasafiri, uliza bando la rouming linaloitaja China kwa jina, na wakuwashie hapohapo. Data ya rouming iwe imezimwa mpaka bando liingie. Na yale magrupu ya harusi na ya vikoba, zima kujipakulia video. Video moja ya bibi harusi akikata keki inaweza kukulia nusu ya bando.

Laini ya Kichina nunua pia, uiweke tundu la pili. Nenda na pasi ya kusafiria, watakupiga na picha ya uso. Intaneti yake ni ya bei rahisi, lakini WhatsApp utaiona inazunguka tu. Kazi yake ni WeChat, ambayo ndiyo WhatsApp ya Wachina, na ramani. Ya nyumbani usiitoe hata kidogo: ujumbe wa benki wenye namba za siri utakuja huko, na bila hizo kadi yako ni kipande cha plastiki.

Sasa tuje kwenye WeChat, maana kule bila hiyo hujafika. Fungua akaunti ukiwa Mwanza, leo ikiwezekana. Mara nyingi wanataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuskanie ile QR ya vimraba kukuthibitisha. Mtafute mfanyabiashara yeyote anayekwenda China, hakosi. Kisha mwekee mume wako naye. Video ya WeChat kutoka Guangzhou hadi Mwanza inapita bila rouming wala VPN, na mtoto haulizi mama anatumia programu gani. Saa tu ndiyo ipigie hesabu: kule wako mbele kwa saa tano. Mtoto akienda kulala saa mbili usiku, kwako ni saa saba usiku na una soko asubuhi. Mpigie saa nane mchana ya nyumbani, kwako itakuwa saa moja jioni.

Sokoni kila kibanda kimebandika QR yake. Utaskani vibanda sitini kwa siku, na jioni ukifungua simu utakuta majina sitini ya Kichina usiyoweza kusoma hata moja. Mimi nilimpoteza hivyo mwenye sandali nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, mpaka leo simpati. Kwa hiyo kabla hujaondoka kibandani, badili jina palepale: namba ya kibanda, ghorofa, bidhaa, bei. "B217 ghorofa 2 sandali 38." Piga na picha ya kiatu, mtumie mwenyewe mwenye duka, ili picha na bei vikae kwenye mazungumzo yenu.

Kuhusu lugha usihofu sana. Bei inaongewa kwa kikokotoo: anaandika, unafuta, unaandika yako, anacheka, anaandika tena. "Duo shao qian" ni "bei gani", inatosha kuanzia. Kadi ya hoteli iliyoandikwa Kichina usiiache, ndiyo itakayokurudisha ukipanda teksi. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120.

Malipo madogo wengi wanataka ya simu. Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, inapokea Visa na Mastercard za nje, kwa hiyo iunganishe na kadi yako ukiwa bado nyumbani. Chini ya yuani 200 hawakukati kitu, ikizidi wanakata asilimia 3.

Halafu pawabenki. Ukipanda ndege ya ndani ya China, tuseme unakwenda Yiwu, tangu Juni 2025 isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya Kichina, haipandi. Nunua ya hukohuko.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nakwenda Dubai kumsalimia dada. Ni kweli simu za WhatsApp hazipigi?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Ni kweli. Ujumbe, picha na sauti za kurekodi vinapita, ila simu yenyewe haipigi, ya sauti wala ya video. Walioko huko hutumia Botim, programu ya kupigia simu ambayo ina ruhusa. Ipakue ukiwa Mombasa, na uwawekee na wa nyumbani, maana lazima iwepo pande zote mbili. Dada yako muulize kwanza, huenda anayo tayari na wewe ndiye uliyechelewa.