Mtoto katimiza miaka 8, basi limekatwa: maswali yenu kuhusu halmashauri za Uingereza

Mwezi huu barua karibu zote zilizotufikia ni za halmashauri na watoto, usafiri wa shule, watu wa ustawi wa jamii kugonga mlango, mambo ya namna hiyo. Nimechagua nne. Wengi mlioandika mko England kwahiyo najibu kwa sheria za England, mlioko Scotland na Wales kwenu kuna tofauti, nitazitaja pale nnapozijua.

Dada habari za kazi. Mwanangu alikuwa anachukuliwa na basi la halmashauri tangu aanze shule maana ni maili 2 na nusu kutoka nyumbani. Mwezi uliopita katimiza miaka 8, tumeletewa barua ati usafiri unakatwa muhula ujao. Nyumba ileile, shule ileile, njia ileile. Mimi nafanya usafi maofisini alfajiri siwezi kumpeleka. Hii ni halali kweli? (Mama wa wawili, Lincolnshire)

Mama pole sana, na barua hiyo najua inavyouma ukiifungua umesimama mlangoni na koti bado mwilini. Hiyo 8 hawajaitunga wao, imo kwenye sheria ya elimu ya 1996: mtoto wa chini ya miaka 8 anapewa usafiri wa bure kama shule yake, ile iliyo karibu inayomfaa, iko zaidi ya maili 2, akishafika 8 inakuwa zaidi ya maili 3, yaani kama kilomita 4.8. Lakini barua nyingi zinaishia hapo, na sheria haiishii hapo.

Kwanza kipato. Kama nyumba yenu inahesabiwa ni ya kipato cha chini basi kwa mtoto wa miaka 8 mpaka kabla hajafika 11 kipimo kinabaki maili 2 zilezile, hakipandi. Na wewe uko maili 2 na nusu! Waandikie uulize kipimo chao cha kipato ni kipi na ushahidi gani wanataka. Angalizo dogo, chakula cha bure wanachopewa watoto wote wa madarasa ya mwanzo hakihesabiki hapa, wanaangalia hali ya nyumba.

Pili njia yenyewe. Maili zinapimwa kwa njia fupi kuliko zote ambayo mtoto, akiwa na mtu mzima pale inapobidi, anaweza kutembea kwa usalama wa kuridhisha. Kama njia hiyo si salama na hamna nyingine salama ndani ya maili hizo 3, usafiri wanatakiwa kutoa. Hili nimelipitia mwenyewe. Halmashauri yetu ilituandikia kwamba njia ya binti yangu ni salama, nikajua kabisa wameangalia ramani kwenye kompyuta, kwahiyo asubuhi moja ya Novemba, saa moja na nusu, giza bado, nikamshika mkono tukaitembea. Baada ya daraja njia ya waenda kwa miguu inakatika tu, nikahesabu hatua zangu 340 tukiwa kwenye majani kati ya ukuta na lami, pale kwenye kona malori yanatokea huyaoni mpaka yamefika, lori moja likaturushia tope mtoto akalowa mpaka kiunoni akaanza kulia anataka kurudi nyumbani. Nikapiga picha kila penye tatizo, nikachora ramani kwa mkono na namba 1 mpaka 9, kila namba na picha yake. Ngazi ya kwanza ya rufaa walikataa. Ngazi ya pili, mbele ya jopo, walikubali, na mmoja wao aliishika ile picha ya kona muda mrefu bila kusema kitu.

Sasa nikwambie ukweli usiopendeza, hoja ya kazi peke yake huwa haitoshi, wao wanachukulia kwamba mzazi ataambatana na mtoto au atatafuta mtu wa kumsindikiza. Itaje ndiyo, lakini rufaa yako isimame kwenye kipato na njia. Mwongozo wa serikali unakupa siku 20 za kazi tangu upate uamuzi, ofisa anaupitia ndani ya siku 20, ukikataliwa una 20 nyingine za kwenda kwenye jopo huru nalo lisikilize ndani ya 40. Bado hujaridhika kuna Ombudsman wa serikali za mitaa na huduma za jamii, yaani msikilizaji huru wa malalamiko, bure. Tena usikubali kujibiwa kwa simu, mwambie aliyepokea "naomba uniandikie hayo uliyosema" halafu ungoje barua.

Dada mimi nimeingia kwenye matatizo bila kujua. Binamu yangu yuko Manchester, mama yake Mombasa akaugua ghafla ikabidi arudi kumuuguza, mtoto wake wa miaka 13 kaniachia mimi, sasa ni mwezi wa pili. Ananiita mama mdogo tangu kuzaliwa. Shuleni wameniuliza ni nani wake nikawajibu mama mdogo, wakauliza ni mdogo wake mama yake tumbo moja? Nikasema hapana ni binamu. Sasa wanasema lazima wawaarifu halmashauri. Nimekosa nini? (Mama mdogo, Kusini mwa London)

Hujamkosea mtoto hata kidogo dada yangu, umefanya kile ambacho kwetu mtu yeyote wa ukoo angefanya. Shida ni kwamba sheria ya watoto ya 1989 ina orodha yake ya ndugu wa karibu na ni fupi: babu na bibi, kaka na dada, mjomba na shangazi (mama mdogo na baba mdogo wa tumbo moja na mzazi nao humo), na mzazi wa kambo. Binamu wa mzazi hayumo, rafiki wa familia hayumo, jirani aliyemlea mama yake hayumo. Mtoto wa chini ya miaka 16, au chini ya 18 kama ana ulemavu, akikaa kwa mtu asiye kwenye orodha hiyo siku 28 au zaidi, hayo yanaitwa malezi binafsi na halmashauri lazima ijue. Ilitakiwa waambiwe wiki 6 kabla, na kama jambo ni la ghafla kama lenu basi mara moja. Kunyamaza bila sababu ya maana ni kosa kisheria, kwahiyo usingoje shule, wapigie leo mwenyewe, eleza kuhusu bibi aliyeugua, andika jina la uliyeongea naye na saa.

Atakuja ofisa ndani ya siku 7 za kazi. Ataangalia mtoto analala wapi, atakuuliza maswali wewe na wengine wa nyumbani, ataongea na mtoto peke yake. Hapo ndipo wengi wetu tunaona tumedharauliwa. Tafadhali usimfundishe mtoto la kusema. Baada ya hapo watakuja angalau kila wiki 6 kwa mwaka wa kwanza. Hawaji kumchukua. Haki za mzazi zinabaki kwa binamu yako, kwahiyo mwombe akuandikie barua yenye sahihi kwamba unaweza kumpeleka hospitali na kusaini mambo ya shule, maana bila hiyo utahangaika.

Na ukali huu una sababu, nami nikiikumbuka huwa nashindwa kuwalaumu. Victoria Climbié alikuwa binti wa miaka 8 kutoka Côte d'Ivoire, wazazi wake walimtoa kwa imani kabisa aende na shangazi wa baba yake akasome Ulaya. Aliuawa kwa mateso London, Februari 2000, mkononi mwa huyo ndugu na mwanamume aliyeishi naye. Ripoti ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo chake, ya Januari 2003 ilionesha alishapita mbele ya maofisa wa ustawi, polisi na madaktari na hakuna aliyemwokoa. Wazazi wake walimwamini ndugu, kama binamu yako alivyokuamini wewe. Yule ofisa akikaa sebuleni kwako anamtafuta mtoto kama Victoria, akikuta wako anakula vizuri na anacheka, ataandika hivyo.

Mwanangu ana usonji, miaka 9, shule iko maili 1 tu lakini barabarani anakimbia ovyo, magari yanamtisha. Nimeambiwa hana EHCP kwahiyo usafiri hana. Je nisubiri kwanza hiyo EHCP? (Baba wa mmoja, Leicester)

Usisubiri kaka. Hapa watu wanachanganya sana, EHCP ni ule mpango wa mahitaji ya elimu, afya na matunzo, na usafiri si lazima uwe nao. Swali la sheria ni moja, je huyu mtoto, kwa ulemavu wake au mahitaji yake maalumu, anaweza kutarajiwa kutembea mpaka shule hata akisindikizwa? Kama hawezi, maili hazihesabiwi. Waandikie kinachotokea hasa, mara ngapi amekuchomoka mkononi, wapi, mwalimu naye aandike. Wakikwambia wakulipe mafuta umpeleke mwenyewe, hilo linahitaji ridhaa yako, unaweza kukataa.

EHCP omba sambamba. Wana wiki 6 kukujibu kama watamtathmini na mambo yote yaishe ndani ya wiki 20. Rasimu ikija soma sehemu ya I, ndipo jina la shule linapoandikwa, maana wakati mwingine shule uliyoitaka wewe inaandikwa kwa sharti kwamba usafiri ni juu yako na wazazi wanasaini bila kuona. Wakikataa kumtathmini au kumpa EHCP una miezi 2 ya kwenda kwenye baraza la rufaa. Kila eneo lina huduma ya SENDIASS ya kusaidia wazazi kwenye haya, haina malipo.

Jana kaja mtu wa ustawi wa jamii, kasema kuna aliyepiga simu kuhusu kelele na kilio cha mtoto. Nilifunga mlango kwa hofu. Atarudi kesho. Nifanye nini? (Baba wa watatu, Bradford)

Kesho mfungulie. Mwombe kitambulisho, andika jina lake, halafu uliza kwa upole: wasiwasi ni nini hasa, na je umekuja chini ya kifungu cha 17 au cha 47 cha sheria ya watoto ya 1989? Cha 17 ni kuangalia kama mtoto anahitaji msaada, hicho kinakwenda kwa ridhaa yako. Cha 47 ni uchunguzi kwamba huenda mtoto anaumizwa, hapo kumfungia mlango kunakuharibia. Mtoto wenu hawezi kuchukuliwa kwa neno la ofisa peke yake, inatakiwa amri ya mahakama au, kwa hatari ya papo hapo, polisi, nao mwisho ni saa 72.

Kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani kabla hamjaanza, na usimtumie mtoto kutafsiri, hayo si ya kumbebesha. Wakikuuliza kuhusu kuchapa sema ukweli. Scotland kumchapa mtoto kumepigwa marufuku kabisa tangu Novemba 2020, Wales tangu Machi 2022. England mzazi bado ana utetezi wa adhabu ya kadiri, lakini utetezi huo haukufai kofi likiacha alama, na mimi sioni kwanini tuendelee na kitu ambacho mtoto akikisimulia shuleni siku inayofuata anaulizwa maswali chumba cha peke yake.

Tathmini nzima isizidi siku 45 za kazi. Wakimaliza omba nakala ya ripoti uisome yote, ukikuta jambo halikusemwa hivyo, tarehe si hiyo au jina la mtoto limekosewa, waandikie warekebishe na ombi lako liwekwe kwenye faili.