Sloti ile ile, saiti mbili, malipo tofauti: angalia hii namba kabla hujaweka franga zako

Pale kwa kabine yangu, komini Kenya hapa Lubumbashi, kuna swali naulizwaka karibu kila siku: "Yaya, ni saiti gani inalipaka vizuri?" Vijana wanakuja kuweka makuta kwa M-Pesa ao Airtel Money, hapo hapo wanafungua simu na kuanza kuzungusha sloti, zile game za kamari za kuzungusha picha, kila mmoja na saiti yake anayoiapia. Na wapo wanaowajibu kwamba aa, saiti zote ni moja tu, game imetengenezwa na kampuni ile ile ya Ulaya basi malipo ni yale yale. Hapana wandugu. Game inaweza kuwa na jina lile lile, picha zile zile, muziki ule ule, na bado saiti moja ikarudisha kidogo kuliko nyingine.

Kila sloti iko na namba inaitwa RTP, na kama game yako iko mu Kifaransa utaikuta imeandikwa TRJ. Ni asilimia ya makuta yote yanayochezwa ambayo game inarudisha kwa wachezaji, ikihesabiwa kwa mizunguko mamilioni. Sasa hizi saiti zetu nyingi hazitengenezi sloti zenyewe, zinachukua kwa watengenezaji kama Play'n GO, Pragmatic Play ao NetEnt, na mtengenezaji mara nyingi anatoa game moja kwa matoleo kadhaa, kila toleo na RTP yake. Book of Dead ya Play'n GO iko na matano: 96.21, 94.25, 91.25, 87.25 na 84.18. Gates of Olympus ya Pragmatic Play iko na 96.50, 95.51 na 94.50. Mwenye saiti njo anachagua aweke lipi. Ni kama meka ya unga pale sokoni, ukitazama toka juu zote ni meka, lakini ile iliyobonyezwa chini inabeba unga kidogo.

Mtu anaweza kusema 96 na 87 tofauti yake ni ndogo, na hapa njo watu wengi wanapotea, ju asilimia haihesabiwi kwa makuta uliyoweka, inahesabiwa kwa kila mzunguko. Chukua kijana ameweka 10,000 FC, anazungusha kwa 200 FC, anapata kidogo anarudisha, anapata tena anarudisha, mpaka amefikisha mizunguko 500. Hapo amecheza 100,000 FC jumla, hata kama toka mfukoni alitoa 10,000 tu. Kwa toleo la 96.21, saiti kwa wastani inabaki na 3,790. Kwa 91.25 inabaki na 8,750. Kwa 87.25 inabaki na 12,750, maana yake kwa wastani ile 10,000 yake haifiki hata kwenye mzunguko wa 500, inakuwa imekwisha njiani. Game moja, jina moja!

Jioni fulani fundi mmoja wa pikipiki, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu hiyo Book of Dead, nikawaambia leteni simu zote mbili hapa kwenye meza. Kila mmoja afungue game ndani ya konti yake, abonyeze ile alama ya mistari mitatu ao herufi "i", aingie kwenye sheria za game, ashuke, ashuke mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo yenye hakuna mtu anasomaka. Simu ya kwanza: 94.25. Simu ya pili: 87.25. Walinyamaza wote wawili. Na yule wa 87 njo alikuwa anasema saiti yake inalipa vizuri, kisa mwezi uliopita ilimpa makuta mengi usiku mmoja.

Na mimi simlaumu, ju kwa kucheza tu hauwezi kuona hiyo tofauti. Sloti inapanda na kushuka sana, mtu anaweza kupata kubwa kwenye toleo baya kabisa na mwenzake akakauka kwenye toleo zuri, usiku mmoja ao wiki moja haikuonyeshi kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia "ile saiti inalipa, jana imenipa", hajakuambia kitu kuhusu RTP, amekuambia habari ya jana yake tu. Soma namba.

Kuna jambo moja muhimu hapo: usiangalie kwenye demo ya intaneti ao kwenye saiti zinazosifia game, ju mara nyingi pale wanaandika ile namba ya juu ya mtengenezaji. Angalia ndani ya konti yako, kwenye game yenyewe unayotaka kuweka makuta. Na rudia kuangalia baada ya muda, toleo linaweza kubadilishwa. Ujerumani, tangu mwezi wa 7 mwaka 2021, kuna kodi ya asilimia 5.3 kwenye kila dau la sloti za mtandaoni, na sloti nyingi kule zimeshuka kwenye matoleo ya chini. Picha hazikubadilika, ila anayelipa ile kodi mwishoni ni mchezaji.

Sasa watu wakisikia hivi wanakimbilia kuwaza mambo mengine: eti wenye saiti wanakaa kwenye ofisi wanakuona umeshinda wanakubonyezea, eti usiku wa manane mashine inafunguka, eti sloti ikikaa muda bila kulipa imejaa, iko karibu kutapika. Kwa game halisi ya mtengenezaji iliyopimwa na maabara kama GLI, eCOGRA ao iTech Labs haiendi hivyo. Kila mzunguko unachaguliwa upya kwa namba za bahati nasibu, haukumbuki ule uliopita, saa sita ya usiku na saa sita ya mchana ni sawa. Hata SNEL ikikata umeme katikati na wifi ikalala, matokeo yalishatoka kwenye seva, ukirudi utayakuta vile vile. Anachochagua mwenye saiti ni toleo. Na ile programu ya kutabiri Aviator, ile game ya ndege inayopaa, wanayouza kwenye WhatsApp na Telegram ni wizi mtupu, naomba sana msiwape hata franga moja. Aviator yenyewe, ya Spribe, inarudisha 97, lakini zile 3 zinazobaki zinakatwa tena na tena kila unapocheza.

Bonasi nazo. Wanakuambia weka 10,000 tunakuongezea 10,000, na chini kuna sharti la kuizungusha mara 30. Ile ni 300,000 FC ya kuzungusha. Kwenye toleo la 94.25 wastani wa kupoteza ni 17,250, zaidi ya bonasi yenyewe, na hata kwenye 96.21 ni 11,370. Ndio maana mimi nawaambia wateja wangu wakatae bonasi kama saiti inaruhusu.

Kwa mimi chini ya 94 usiguse, na hata hiyo 96 usiihesabu kama kazi ya kuleta makuta, ju hakuna toleo hata moja kati ya hayo linalofika 100. Mtu akija kwa kabine na makuta ya minerval, ile ya kulipia mtoto masomo, namuuliza kabla sijatuma. Wengine wananikasirikia. Sawa, wakasirike.

Ukishuka mpaka chini ya sheria na hukuti namba yoyote, andikia servisi ya wateja swali moja la wazi: "Hii game kwenu iko na RTP ngapi?" Uingereza mamlaka ya kamari inataka mchezaji aweze kuona hiyo habari, kwa hiyo si kitu cha kuficha. Wakikujibu namba, piga picha ya skrini uitunze. Wakikujibu eti game zetu ni za haki, bila namba, omba kutoa salio lako siku hiyo hiyo, likishafika kwenye M-Pesa njo utafute saiti nyingine.