Barua kwa Mwanangu: Kumsikiliza Mtoto wa Darasa la Awali

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na tumeisoma pamoja na baba yako. Sisi hatujambo, na baridi ya Lushoto mwaka huu imekuwa ya kistaarabu. Umeniuliza mambo mawili: kama mwalimu wa awali mwenye watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja anaweza kweli kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na kama mwalimu mkuu wako ana haki anaposema kuwa watoto wamekuja kusikiliza, si kusikilizwa, ili waingie darasa la kwanza wakiwa na msingi wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nianze na la mwalimu mkuu, maana ndilo zito. Anachokitaka ni halali kabisa, ila KKK yenyewe haifundishiki kwa mtoto ambaye hujamsikia. Mchukue mtoto anayeimba moja hadi ishirini pamoja na wenzake bila kukosea. Mwekee vizibo vitano vya soda juu ya mkeka, umwambie avihesabu. Atavigusa kimoja kimoja hadi tano. Kisha muulize, "Haya, vipo vingapi?" Wengi hawatakujibu "vitano", bali wataanza upya, moja, mbili, tatu, na ukiuliza tena wataanza tena. Mtoto huyo hajatambua bado kwamba namba aliyoishia ndiyo idadi ya vyote. Ana wimbo, hesabu hana, na darasa zima linapoitikia kwa pamoja hakuna sikio litakaloligundua jambo hilo. Ukiligundua leo, unajua la kufundisha kesho. Usipoligundua, utampeleka kwenye kujumlisha, na mwalimu wa darasa la pili ndiye atakayesema kuwa mtoto ni mzito wa kuelewa.

Kuhusu wingi wa watoto, sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Kiwango kilichowekwa nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na aliyekuachia zaidi ya 90 amekuonea wewe na wao. Hata hivyo usijaribu kuwasikiliza wote kwa siku moja. Wakati wengine wako kwenye kona za kujifunzia, keti mkekani na kundi dogo la watoto watano au sita, kesho kundi jingine, na uwe na daftari la kuandikia maneno yenyewe waliyoyasema. Usiandike "anaendelea vizuri", kwani hayo hayatakusaidia unapotayarisha andalio la somo. Andika kwamba fulani amesema mwezi unamfuata yeye akitembea usiku, kwa sababu hapo umeona anavyofikiri.

Ukishauliza, ngoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika kazi aliyoichapisha miaka ya 1970, alikuta kuwa walimu wengi hungoja takriban sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba walipozoea kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu za ukimya darasani ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu uone. Bibi yako hakusoma utafiti wowote, lakini jioni akitega kitendawili alingoja hadi mdogo kuliko wote ajaribu kufumbua, na aliyeshindwa alidaiwa mji kwanza ndipo apewe jibu. Bibi huyo huyo hakuruhusu mtoto aingilie mazungumzo ya watu wazima. Kwa hiyo wakikuambia kuwa kumsikiliza mtoto ni kumdekeza, na kwamba si desturi yetu, waulize vitendawili vilikuwa desturi ya nani.

Wala si suala la desturi pekee. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Haikusema asubiri hadi afikishe umri fulani.

Kuna na wale wasiosema. Huku kwetu watoto wengi huanza shule wakiwa na Kisambaa tu, na mtoto wa namna hiyo anaweza kumaliza wiki nyingi darasani bila kutoa neno. Mfuate wakati wa uji. Utamkuta nje akiwapangia wenzake nani awe dereva na nani awe kondakta, anatoza nauli na kudai chenji, kwa lugha ya nyumbani. Huyo ana maneno tele. Aliyekosa ni msikilizaji anayeyaelewa. Mwache aanze kwa lugha yake, hata kama itabidi mtoto mwenzake akutafsirie, na Kiswahili kitamjia kwa kucheza. Mwingine utamsikia kwa michoro yake, mradi umuulize "Nieleze hapa kuna nini" badala ya kumtajia wewe kuwa hiyo ni nyumba.

La mwisho ni gumu, nawe hukuliuliza. Mwalimu anayesikiliza ataletewa siku moja jambo la kutisha, na litakuja katikati ya jambo dogo, pengine mtoto akifunga kiatu. Likija, usishtuke mbele yake, usimwongoze kwa maswali ya kumtilia maneno mdomoni, na usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, kisha umpelekee taarifa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, au upige 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo haina malipo. Usianze kwa kumwita mzazi nyumbani kabla hujajua anayetajwa ni nani.

Baba yako anakusalimu sana.

Mimi mama yako.