Mgahawa wa kumpeleka mteja: pima kelele kabla ya chakula

Ndugu, umesema mteja wenu anakuja Alhamisi ya wiki ijayo na msaidizi wake, bosi amekuachia uchague pa kula usiku, na umebaki na pawili: ule mgahawa wa juu ghorofani wenye bendi unaosifiwa kwa chakula, na ule mdogo wa hotelini unaouona umepooza. Niko kwenye mauzo mwaka wa kumi na moja sasa, na meza za namna hii nimezikalia nyingi. Nenda na huo wa hotelini.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimpeleka mzee mmoja, mteja mkubwa, mahali palipokuwa gumzo la mji mzima. Chakula kilikuwa kizuri kwelikweli. Lakini sakafu ilikuwa marumaru, kuta vioo vitupu, na meza yetu ilikuwa chini ya spika. Mzee alikuwa anasikia kwa sikio moja tu, nami sikujua. Kila nikianza kusema anaweka uma chini, ananigeuzia shavu la kulia, kisha anaitikia kwa kichwa. Nikaeleza malipo kwa awamu tatu, akaitikia. Nikaeleza tarehe ya kufikisha mzigo, akaitikia. Wiki iliyofuata alipopata mkataba alipiga simu amekasirika: habari ya awamu tatu ndiyo kwanza anaiona kwenye karatasi. Na alikuwa anasema kweli. Ilituchukua miezi miwili kurudisha imani yake.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kwenye desibeli 60 hivi (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Mgahawa uliojaa na wenye muziki unaweza kupita 80, na kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Halafu kuna jambo alilolieleza daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua. Meza hii inapaza, ya jirani inapaza zaidi ili wasikilizane, na ukumbi uliokuwa umetulia saa kumi na mbili jioni, ikifika saa mbili ni soko.

Kwa hiyo kwenda kuuangalia mchana hakukusaidii kitu. Nenda Alhamisi hii, saa ile ile mtakayokula. Kaa kwenye meza unayoitaka, agiza hata chai. Zipo programu za simu za kupima desibeli, ila mimi natumia njia nyingine: namwomba niliyekwenda naye akae upande wa pili wa meza anisomee namba ya simu nisiyoijua, kwa sauti yake ya kawaida. Nikilazimika kumwambia arudie, natafuta kwingine. Zulia, mapazia mazito na viti vya kitambaa hunywa sauti, na mara nyingi vitu hivyo ndivyo vinavyofanya mahali paonekane pamepooza.

Meza isiwe karibu na mlango wa jikoni, baa, wala njia ya kwenda msalani. Mkiwa wanne, ya duara au ya mraba ni bora kuliko ndefu, maana kwenye ndefu wa mwisho hubaki mpweke. Mpe mteja kiti kinachopa mgongo ukuta, asiwe anapitiwa nyuma na wahudumu. Taa nazo ziangalie: mtu aweze kusoma karatasi bila kuwasha tochi ya simu.

Mpigie yule msaidizi mapema umuulize ni vyakula gani bosi wake asivyokula. Usingoje mezani. Asiyekula nguruwe, asiyekula ng'ombe, asiyekunywa pombe, mwenye mzio wa karanga au wa kamba, wote hawa hawapendi kujieleza mbele ya watu, na mzio unaweza kuua. Ukipata jibu, ongea na jikoni mwenyewe. Muulize msaidizi pia kama kampuni yao ina kikomo cha ukarimu wanaoruhusiwa kupokea. Kampuni nyingi zinacho, na akiwa mtumishi wa serikali sheria huwa kali zaidi. Mgahawa wa kifahari kupita kiasi unaweza kumtia matatani mtu uliyetaka kumheshimu.

Bili isifike mezani kabisa. Fika robo saa kabla yao, mwachie meneja wa zamu kadi yako, utie saini unapotoka kunawa mikono.

Na Alhamisi hii ukiwa pale, muulize huyo meneja kama spika ya upande wenu inaweza kuzimwa peke yake. Kumbi nyingi zina swichi ya kila eneo, na ukiomba mapema kwa upole mara nyingi wanakubali. Wakati ukumbi umejaa na oda zinapishana, hata akitaka hatakumbuka.