Ukoko mweupe kwenye vyungu vya maua

SWALI: Nina vyungu kumi na viwili barazani, namwagilia maji ya kisima kirefu. Juu ya udongo pamefanya ukoko mweupe, na ncha za majani ya drasena zinakauka kama zimebabuliwa na moto. Nimeweka mbolea ya NPK 17:17:17, hali ikazidi. Nibadilishe udongo? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Udongo uache kwanza. Huo weupe ni chumvi, ya kisimani na ya mbolea. Maji yananyonywa na mmea au yanakaushwa na jua, chumvi inabaki. Ikikolea, mizizi inashindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, basi ncha za majani zinakauka na chungu kina maji. Ulidhani mmea una njaa, kumbe ulikuwa unatia chumvi juu ya chumvi.

Dawa ni kuusuuza udongo. Kwangua ukoko kwa kijiko, sentimita moja hivi, ukautupe mbali. Chomeka kijiti kwenye tundu la chini uhakikishe halijaziba. Kisha mimina maji ya mvua, au ya bomba kama ni matamu, mara mbili ya ujazo wa chungu: chungu cha lita 10, maji lita 20. Usiyamwage kwa mkupuo, yatapita pembeni na katikati pabaki vilevile. Mimina lita 5, subiri yashuke, ongeza nyingine. Kisahani kiondoe, maana maji yaliyotuama humo hupanda tena na chumvi yake.

Kuchemsha maji hakusaidii, kunazidisha ukali. Shabu nayo inatuliza tope tu. Nunua kipima TDS, yaani kipima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu. Kikisoma chini ya 500 ppm (miligramu kwa lita), mwagilia bila wasiwasi. Kikipita 1,000, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, au maji hayo wape bogenvilia, ambazo ni ngumu kidogo.

Mbolea pumzisha mwezi mzima. Ukirudi, tumia ya kuyeyuka, 20:20:20, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 10 za maji, kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari umelowa. Ile ya chenga ni ya shambani. Chunguni ni rahisi mno kuzidisha.

SWALI: Mlimao wangu wa kwenye ndoo una majani machanga ya njano, mishipa imebaki kijani. Nimeambiwa nitie majivu. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usitie! Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Maji magumu ya kisima hupunguza uchachu wa udongo, chuma kikawepo lakini mizizi isikipate, na majivu yanafanya hivyohivyo kwa kasi zaidi. Tafuta mbolea ya chuma ya aina ya EDDHA, inayofanya kazi hata kwenye udongo wa namna hiyo, na ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Njano ingeanzia kwenye majani makuukuu ya chini, jani zima pamoja na mishipa, tungezungumzia naitrojeni.