Mzimu wako unadai nini?

SWALI: Mhariri, salamu. Tunapiga filamu fupi ya dakika 10 kwenye nyumba ya chumba kimoja. Mama aliyefariki anamtokea bintiye akipika. Wenzangu wanasema mzimu wetu unatisha tu, hauna maana. Tuurekebishe vipi, na tuuingize vipi kwenye picha bila kompyuta?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Anzeni na deni. Andikeni sentensi moja: marehemu anamdai nani, na anadai nini. Ikikosa kuandikika, wenzako wamesema kweli. Katika filamu ya Atlantique ya Mati Diop (2019), vijana wa Dakar wanajenga jumba refu bila kulipwa, wanaondoka kwa mashua kwenda Uhispania, wanafia baharini. Usiku roho zao zinawaingia wasichana wa mtaani, macho yanageuka meupe, na wanaenda hadi kwa tajiri mwenye jengo kudai mishahara. Hapo hakuna anayehitaji kuhubiri kuhusu dhuluma. Lenu liwe dai dogo la kushikika, kwa mfano pesa za chama alizochanga mama na mjomba akazila.

Kuhusu kumwingiza, tazameni filamu ya Kijapani Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953). Mume anarudi kutoka safari ndefu, nyumba ni giza, jiko limezimika. Anatoka kwa mlango wa nyuma, anazunguka nje akimwita mkewe. Kamera inageuka kumfuata, na inaporudi ndani mke ameketi kando ya moto anapika. Picha haikukatwa popote. Ndiyo maana tunaamini, na ndiyo maana asubuhi inauma tunapojua kwamba aliuawa.

Nyinyi simu inatosha. Mama asimame nyuma ya mpiga picha, miguu mitupu. Simu ikimfuata binti hadi mlangoni, mama apite, aketi, awashe meko. Mpeni sekunde 8 na mfanye mazoezi mkihesabu kwa sauti. Kinachoharibu mara nyingi ni mpiga picha kurudi mapema akamkuta bado anaketi. Kabla ya kuanza, bonyezeni kioo cha simu na mshikilie mpaka fokasi na mwangaza vifungwe. Msipofanya hivyo, simu ikitoka kwenye mwanga wa mlango kurudi gizani picha itapwita, na mtazamaji ataacha kumwangalia mama aanze kuutafuta ujanja.

Muziki msiweke. Rekodini kando mlio wa mwiko ukigonga sufuria, na muuweke sekunde moja kabla mama hajaonekana.